Nyundo ya Baba

Kilo arobaini na sita. Njiti aliijua namba hiyo kuliko namba yake ya usajili chuoni, na aliipata kwa jasho: asubuhi chai kavu, mchana tango, jioni maji ya moto na sifa za marafiki. Kila alfajiri alipanda mzani aliouficha chini ya kitanda cha bweni, bila viatu wala hereni, maana hereni nazo zina uzito, jamani! Jina la Njiti alipewa na wenzake, akalivaa kama medali. Jina la Gunia alilitunga yeye mwenyewe, akampachika mwenzake wa chumbani, msichana mnene aliyemaliza sahani yake bila kumwomba mtu radhi. Bweni zima likalidaka. Gunia alicheka pamoja nao, na Njiti akajipa moyo kwamba anayecheka haumii.

Ndipo mama yake alipopiga simu. Baba, fundi seremala, ameanguka kutoka juu ya paa na kuvunjika paja. Kesho anapasuliwa, na hospitali inataka watu wawili wamtolee damu. Mjomba ameshatoa. Mama ana presha, wamemkataa.

"Umebaki wewe, mwanangu. Baba yako keshatangazia wodi nzima kwamba binti yake yuko njiani."

Gunia alimsindikiza bila kuombwa. Mlangoni mwa chumba cha kutolea damu palibandikwa karatasi: mtoaji asipungue kilo hamsini. Njiti aliisoma mara mbili. Miaka miwili ameuhonga mzani kwa njaa ili ushuke. Leo ilibidi atafute la kuupandisha. Alikwenda bombani akanywa maji mpaka tumbo likamuuma. Bado aliona hayatoshi. Walipokutana getini, mama alikuwa amemkabidhi mfuko wa vifaa vya kazi vya baba. Akachomoa nyundo, akaichomeka kiunoni, akaifunika kwa sweta.

Njia ya mwongo fupi, na yake haikufika hata hatua kumi. Alipopanda tu mzani, nyundo iliteleza ndani ya sketi ikaanguka sakafuni kwa kishindo. Muuguzi aliitazama, kisha akamtazama mwenyewe.

"Binti, umekuja kutoa damu au kupaua nyumba?"

Foleni iliangua kicheko. Muuguzi hakucheka. Alimfunua jicho kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Hata hiyo damu yenyewe huna. Unaumwa nini?"

Njiti alitamani awe na ugonjwa, wowote ule wenye jina, kwa sababu mgonjwa huonewa huruma. Hakuwa nao. Alikuwa na tango. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikioni, akashindwa hata kuinama kuiokota nyundo ya baba yake.

Aliyeiokota ni Gunia. Akaiweka mezani, akavua viatu, akapanda mzani mbele ya watu wale wale waliokuwa wakicheka. Kilo themanini na moja.

"Mimi je, dada, nafaa?"

"Unafaa sana, mdogo wangu. Kaa hapa."

Jioni, wodini, baba alimshika binti yake mkono, akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Si nilikwambia? Damu ya mwanangu hiyo. Kesho sina wasiwasi."

Njiti alimtazama Gunia. Mwenzake alikuwa akiushusha mkono wa blauzi taratibu, plasta isionekane, huku akimkonyeza anyamaze. Hapo ndipo Njiti alipoumia kweli. Kicheko cha foleni alikuwa amekistahili. Wema huu hakuwa na pa kuuweka.

Kwa mkono uliobaki huru, akaupandisha tena ule mkono wa blauzi.

"Damu ni ya huyu, baba," akasema, akalitaja jina la mwenzake, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo hakuwahi kulitamka tangu muhula uanze.

Baba aliwatazama wote wawili.

"Na wewe wamekukataa? Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, baba. Nimejikondesha mwenyewe."

Baba alikuwa bado amemshika. Alikizungushia kifundo cha mkono wa binti kidole gumba na cha shahada, kama anavyopima ubao, na vidole vikapitana.