Vidole Vinne vya Joho

Mkasi ulikuwa umekwisha kuuma vidole vinne vya kitambaa pale mkono wa Bi Pindo ulipogoma. Aliusikia mlio wake, mkavu kama wa mtu anayetafuna punje ya chumvi, kisha akautazama mstari wa chaki uliokuwa ukimngoja mbele: mweupe, ulionyooka, ukizunguka pindo lote la joho la meya hadi kurudi pale ulipoanzia. Akabaki ameinama, mkasi umeachama, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Saa nne madiwani wangekutana ghorofa ya juu kumchagua meya, na saa sita kamili huyo aliyechaguliwa angetoka kwenye roshani ya mbele, amevaa joho, ale kiapo huku wananchi wakimwona. Joho lenyewe lilikuwa hapa, juu ya meza ya chumba kidogo chini ya ngazi, na kando yake barua ya Karani Mkuu wa halmashauri, yenye mhuri. Barua iliagiza joho likatwe kwa kipimo cha Mstahiki Meya aliyepo, ambaye ushindi wake haukuwa na shaka. Na mshonaji ambaye asingetekeleza, ajihesabu hana kazi.

Hakuwa na kazi nyingine Bi Pindo. Hata jina hilo alipewa na jumba hili. Lile alilozaliwa nalo lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Alirithi chumba, cherehani na joho kutoka kwa mama yake, ambaye ndiye aliyelishona mwaka ule mji ulipopandishwa kuwa jiji. Meya wa kwanza alikuwa mrefu hivi kwamba watu walimwita Mlingoti, na joho likashonwa kwa urefu wake. Wa pili alimfikia kifuani. Mama hakukata, alikunja, akashona kwa uzi wa kijani, ili atakayefumua siku moja aujue uzi wa kuvuta. Tangu hapo kila meya alipewa rangi yake, na aliyeligeuza joho ndani nje aliweza kuisoma historia ya jiji bila kufungua kitabu.

Vijitundu vya uzi wa kijani vilikuwa vya yule wa Siku Tisini, aliyechaguliwa enzi ambazo wapiga kura walipanga mstari nyuma ya mgombea wao. Mvua ilinyesha, na mstari wenye miavuli mingi ukashinda. Miezi mitatu baadaye madiwani walimng'oa. Njano ilikuwa ya Bwana Bajeti, ambaye kila kikao cha bajeti kilipokwisha, kiuno cha joho kilihitaji kuachiwa kidole kimoja. Wapinzani wake walifika mara mbili kumwomba Mama nakala ya vipimo. Nyeupe ilikuwa ya meya aliyefungana kura na mwenzake mara tatu, hadi vikaratasi viwili vikatiwa ndani ya birika la jikoni na mpishi akaambiwa achomoe kimoja. Kilitoka kimelowa, kikaanikwa dirishani kwanza ndipo kikasomwa. Buluu ilikuwa ya huyu wa sasa, wa tano, mfupi kuliko wote kwa kidole kimoja tu, aliyekaa mihula mitatu, miaka kumi na miwili. Pindo lake lilimeza shibiri moja na nusu ya kitambaa.

Wala hakuwa mtu mbaya. Mitaro ya kata ya Bi Pindo alichimba yeye, na taa za barabarani aliweka yeye, naye Bi Pindo alikipigia kura chama chake mara zote tatu. Tatizo lilikuwa hilo pindo. "Bi Pindo," alizoea kulalamika mbele ya kioo, "mimi silivai hili joho. Linanivaa mimi." Na kweli, akitembea, uzito wa chini ulimyumbisha kama mtu abebaye ndoo kati ya miguu. Safari hii, kwa kuwa madiwani ishirini na mmoja kati ya thelathini na mmoja walikuwa wamemwahidi kura, aliona ni wakati wa kupata vazi la kumkaa mwilini.

Alfajiri, Bi Pindo alikuwa amemweleza mama yake, aliyelala na redio sikioni.

"Kata, mwanangu," Mama alisema bila kufumbua macho.

"Mama! Wewe si ndiye uliyelilinda miaka yote?"

"Nililikunja kwa kuwa kitambaa kilikuwa ghali. Nyie ndio mliokuja kuligeuza msahafu. Kata, ulinde kazi yako, uniache nisikilize habari."

Kwa hiyo alikuwa amekuja kukata. Alikuwa ameunoa mkasi, amechora chaki, amefumua kipande cha pindo ubavuni ili mkasi upite. Na hapo ndipo kitambaa kilipojifunua. Kwa nje joho lilikuwa limepauka, limekuwa rangi ya tofali kuukuu. Ndani ya mkunjo, ambamo jua halikuwa limeingia tangu Mlingoti aondoke, lilikuwa bado jekundu, zito, kama punje za komamanga lililopasuliwa sasa hivi. Ilikuwa rangi ile ile aliyoishika akiwa msichana wa miaka tisa, akimshikilia Mama ncha ya kitambaa ili kisiburuzike sakafuni. Hakuna meya hata mmoja katika wanne waliofuata aliyewahi kuivaa.

Akamkumbuka pia Twiga.

Twiga alikuwa diwani wa kata ya Sokoni, mgombea pekee aliyejitokeza kushindana na Mstahiki. Desturi ya halmashauri ilikuwa kwamba wagombea wote hupimwa kabla ya uchaguzi, maana kati ya kura na kiapo hapakuwa na muda. Mwaka huu Karani Mkuu alisema Twiga asipimwe, ni kupoteza chaki. Lakini siku tatu zilizopita mwanamke huyo aliinama mlangoni, akaingia, akainua mikono kama aliyekamatwa na polisi.

"Nimekuja kupimwa, dada."

"Karani amesema..."

"Najua alichosema. Sitashinda. Ila nikiwa bibi kizee nataka niwaambie wajukuu kwamba niliwahi kupimwa umeya."

Bi Pindo alicheka hadi tepu ikamponyoka. Ilimbidi apande juu ya kigoda ili ayafikie mabega, na aliposhuka hadi kifundo cha mguu akaisoma namba mara mbili. Ilikuwa namba ya Mlingoti.

Mkasi ukarudi mezani. Bi Pindo akakikunja tena kitambaa, akakishona kwa uzi wa buluu kwa mishono midogo kama mayai ya sisimizi, akalowanisha, akapiga pasi, akalowanisha tena, akaegemea pasi kwa uzito wake wote mpaka mkunjo ukawa mwembamba kuliko ulivyowahi kuwa. Saa tatu Karani Mkuu, mtu wa miwani na haraka, alichungulia mlangoni. Joho lilikuwa limevalishwa sanamu la mbao, limenyooka.

"Umekata?"

"Nimekata, Karani," alijibu. Vidole vinne ni vidole vinne.

"Safi sana. Umeona? Ulikuwa unaogopa nini miaka yote?"

Alipoondoka, Bi Pindo akaketi kwenye kigoda. Ikiwa Mstahiki angeshinda, angelivaa joho, na pengine kule roshani, katika hatua ya tatu au ya nne, angeusikia uzito ule ule miguuni. Hapo kazi ingekwisha, na cherehani ya Mama ingepewa mtu mwingine.

Juu yake viti vilikwaruza. Nyayo zilipita, moja moja, zikielekea kwenye sanduku la kura. Alizihesabu hadi thelathini na moja. Kisha kimya. Kisha kishindo ambacho hakujua kama ni cha furaha au cha ugomvi, na miguu ya mtu ikateremka ngazi mbili mbili.

Karani Mkuu aliingia bila miwani.

"Kumi na sita kwa kumi na tano!"

"Hongera zake Mstahiki."

"Mstahiki gani? Twiga! Twiga ameshinda! Walioahidi wameahidi kwa mdomo, wakapiga kwa mkono!" Alilikumbatia sanamu la mbao kama ndugu aliyefiwa. "Na joho tumelikata! Litamfika magotini, mama yangu. Magotini! Watu wamejaa uwanjani, na barua ina sahihi yangu!"

Bi Pindo alimwacha ateseke kidogo. Alikuwa mwema, lakini hakuwa malaika.

"Nilikata vidole vinne," alisema hatimaye.

"Vinne?"

"Hapa ubavuni. Vilivyobaki vimo ndani, vyote."

Karani alikaa sakafuni. Aliitazama saa yake, akaupangusa uso kwa tai. "Dada yangu," alisema, "nitakuja kukushukuru siku nyingine. Zimebaki dakika thelathini na tano."

Hazikutosha. Ile sehemu iliyokatwa ilihitaji kuungwa uzi kwa uzi, kazi ambayo haikuwezekana huku mkono mwingine ukifumua pindo la mzunguko mzima. Karani alijaribu kusaidia, akajichoma, akafukuzwa akatafute muda: aiambie bendi ya uwanjani ipige zaidi. Alipotoka, alipishana mlangoni na mtu mfupi aliyekuwa akitafuta chumba kisicho na watu.

Mstahiki, au aliyekuwa Mstahiki hadi dakika chache zilizopita, alisimama akiushika mkufu wa umeya mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Yakatua kwenye joho, kwenye pindo lililofumuliwa shibiri mbili, kwenye kile chekundu kilichokuwa kikichungulia.

"Hukukata," alisema.

"Sikukata, Mheshimiwa."

"Barua uliipata?"

"Niliipata."

Bi Pindo hakuinua kichwa. Sindano ilikuwa katikati ya mshono. Mpaka kiapo kitakapoliwa, mtu huyu bado alikuwa na uwezo wa kutia sahihi. Alimsikia akiuweka mkufu mezani. Kisha kigoda cha pili kikaburuzwa.

"Uzi wangu ni upi?"

"Wa buluu."

"Nipe kiwembe."

Alianza polepole, kwa woga, akifumua mshono mmoja na kuupuliza. Mikono yake ilikuwa minene na laini ya kutia sahihi, lakini baada ya muda ikashika mwendo, na uzi ukaanza kutoka kwa mvuto mrefu, trrr, trrr, akiuviringisha kwenye kidole.

"Miaka kumi na miwili," alinung'unika, "na natoka kwa kuvutwa tu."

"Vuta taratibu, Mheshimiwa. Usije ukatoka na kitambaa."

Akaguna. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na Bi Pindo alipochungulia aliona kwamba anacheka, machozi yakiwa yangali mashavuni. "Hivi rangi hii ilikuwamo humu siku zote?" aliuliza, akilikunjua lile jekundu juu ya mapaja yake. "Na mimi nilikuwa nalalamika uzito."

Walimaliza dakika saba kabla ya saa sita. Twiga aliingia, akasahau kuinama, akagonga kichwa mlangoni, akamwona mshindani wake amepiga magoti na kiwembe mkononi, akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee wangu... mimi..."

"Ingia, ingia. Muda huna."

Akavalishwa. Joho lilishuka, likashuka, likagusa viatu na kuishia hapo, kidole hakikuzidi wala kupungua. Palikuwa na uzi mmoja wa buluu uliosalia nyuma ya kisigino, na mzee akauinamia. Twiga, kwa haya, alijaribu kujikunja ili naye asaidie.

"Simama wima, Mstahiki," mzee alisema. "Utanifanya nikukate."

Alikuwa wa kwanza kumwita hivyo, na alilisema bila kufikiri, akiwa na uzi kati ya meno. Twiga akasimama wima. Bi Pindo alijifanya anatafuta pini.

Pale kwenye roshani, kelele zilizopanda zilitikisa vioo. Jua lilipiga joho la rangi ya tofali, na chini yake, shibiri moja na nusu, mkanda mwekundu uliowaka kila alipopiga hatua. Bi Pindo alikuwa ametoka hadi ngazi za mbele, tepu ingali shingoni, na mbele yake wanawake wawili wa sokoni walikuwa wakibishana.

"Wamemtilia pindo jipya! Unaona?"

"Jipya wapi? Hiyo ndiyo fasheni ya sasa, shoga."

Karani Mkuu alijipenyeza hadi ubavuni pake. Miwani ilikuwa imerudi puani.

"Ile barua," alinong'ona. "Kama bado unayo, ningeomba..."

"Nimeikata, Karani. Nimetengenezea kipimo cha karatasi cha mikono ya joho la Mstahiki mpya."

"Na mhuri?"

"Umeangukia kwapani."

Karani alifikiri kidogo. "Basi ukae huko huko," alisema. "Na Jumatatu uniandikie vifaa unavyohitaji. Hata cherehani mpya, ukitaka."

"Ya Mama inatosha. Ila taa iongezwe."

Bendi ilibadili wimbo. Watu walianza kucheza mahali pale pale waliposimama, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kwenda kwingine, na Bi Pindo akajikuta anatikisa mabega pamoja nao. Ndipo alipomwona yule mzee mfupi akitoka kwa mlango wa ubavuni, koti begani. Gari lilikuwa limebaki na cheo. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mgeni, kisha akakumbuka nyumbani kwake ni upande gani na kushika njia kwa miguu.

Ukingoni mwa barabara kuu alikuta watu sita au saba wakingoja kuvuka, wenye vikapu, wenye baiskeli. Magari yalikuwa yakipita mfululizo. Akasimama miongoni mwao. Abiria mmoja alimtambua kutoka dirishani akampungia, na yeye, kwa mazoea ya miaka yote ile, akainua mkono juu.

Lori lililokuwa likija likadhani linasimamishwa. Likapunguza mwendo, likasimama. Na la nyuma yake likasimama. Mzee akautazama mkono wake uliokuwa ungali juu, akawatazama wenzake wa ukingoni, na wote wakavuka pamoja.