Kiti cha Mwelekezaji

Mchezo ulikuwa na sheria, na mwalimu hakuwa na mzaha nazo. Watoto watatu, meza moja, beseni la vitofali vya plastiki. Mwelekezaji anatazama picha na kusema kinachotakiwa, mgawaji anakitafuta, mjenzi anakipachika. Ole wake atakayegusa kabla ya kuambiwa! Kengele ikilia, wanabadilishana viti. Hapo, mwalimu aliapa, hata mtoto aliyesusa kuongea atafungua mdomo.

Mama, aliyeketi kando ya ukuta, alikuwa amechoshwa na viapo. Tangu wamzike pacha wa binti yake, kaka mtu, binti huyo hakuwa ametamka neno, si nyumbani, si shuleni. Alichotaka mama ni kuisikia tena ile sauti, hata kama ni ya kumjibu jeuri.

Siku hiyo mwelekezaji alikuwa mgonjwa na kiti chake kilikuwa kitupu. Mwalimu alitoka kwenda kumtafuta mtoto mwingine. Mgawaji, msichana waliyembandika jina la Kasuku kwa maneno yake mengi, alikuwa akichakura beseni.

Binti, aliyekuwa mjenzi, akakigeukia kile kiti kitupu. Akaitikia kwa kichwa, kama anayeambiwa kitu.

"Chekundu, kirefu," akamwambia Kasuku.

Jamani! Mama nusura apige vigelegele. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

"Kushoto?" binti alikiuliza kiti. "Haya, basi. Usinifokee."

Mama akasahau vigelegele. Aliyekuwa akimfokea binti yake kwenye michezo alikuwa mmoja tu, yule pacha aliyejifanya mkubwa kwa kutangulia kuzaliwa.

"Mbona anajenga nyumba?" Kasuku akalalamika. "Picha ni ya gari!"

Nyumba ilikuwa na kuta na chumba kimoja. Chumbani mlikuwa na vitanda viwili vya vitofali, kimoja kikiwa na mwanasesere amelala.

"Hicho kingine cha nani?" mama akauliza.

"Changu. Anasema nikimaliza, twende."

Mama alitaka kuivunjavunja nyumba ile, amchukue mtoto wake akimbie. Lakini alimjua mwanawe yule: ukimharibia mchezo, huuanza upya, popote pale. Kitu kimoja tu alikuwa akikitii, hata akinuna: zamu.

Mama akainyakua kengele, akaipiga.

"Badilishaneni! Mwelekezaji ni mimi."

Akakaa kwenye kile kiti. Kilikuwa na joto, kama vile mtu amenyanyuka sasa hivi.

"Toa kitanda chako humo," akasema.

Binti alitazama kando ya kiti, usawa wa bega la mtoto. "Anasema..."

"Zamu yake imekwisha." Mama akakinyooshea kitanda kidole. "Kitoe, mama."

Kitofali kilitoka kwa mlio mdogo.

"Sasa ezeka paa."

Mkono wa binti ulisita juu ya nyumba.

"Mama, analia."

"Najua, mwanangu," mama akasema, naye akilia. "Weka paa."