Dole la Mwenyekiti

Mimi ni mwenyekiti wa klabu ya waogeleaji wa ziwani, na kuogelea sijui. Msicheke. Walinichagua kwa sababu nina sauti kubwa na karakana yangu iko mtaa wa nyuma ya ziwa, basi. Anayejua maji ni mke wangu. Huyo akiingia ziwani utadhani ndiko alikozaliwa, nami hubaki nchi kavu nikilinda viatu.

Uenyekiti wenyewe ulinishinda mapema. Wanachama wetu ni watu wazima na heshima zao, mwalimu, muuguzi, mwokaji mikate na wenzao, wanaogelea kujifurahisha tu, lakini maswali yao yangemchosha waziri. Fulana yangu mbona inanibana? Jumamosi tunaanzia upande gani? Nani kahamisha benchi? Mke wangu akaona nitapigana na mtu, akatafuta katibu wa mtandaoni. Ni dada mmoja anayeishi mbali kabisa, katika mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuufika, anayepanga ratiba na kuandika matangazo ya vilabu kadhaa akiwa ameketi chumbani kwake. Tukamwita Dada Katibu. Uso wake hatuujui. Ila kazi aliijua, na matangazo yote aliyatoa kwa jina langu: Mwenyekiti anawakumbusha, Mwenyekiti anawaomba radhi. Watu wakaanza kunisifu kwa adabu ambayo sina.

Kero ilikuwa moja, kwamba aliniuliza kila kitu kwanza. Sasa mimi ni mchomeleaji. Mikono iko ndani ya glavu, uso uko ndani ya kinyago cha kioo cheusi, insha nitaandika saa ngapi? Nikamwambia, "Dada, ukiona nimeweka dole gumba chini ya ujumbe wako, maana yake ndiyo. Wewe endelea." Tangu hapo nikawa naweka dole kwa kila ujumbe wake. Mara nyingi hata sikusoma. Nisome nini, na yeye hakosei?

Jumamosi hiyo nilikuwa namalizia geti la mteja mmoja msumbufu. Simu ikatetema mezani. Nikavua glavu moja kwa meno, nikabonyeza dole, nikarudi kwenye moto. Ukiwa ndani ya kinyago huoni mbingu, unaona cheche tu.

Kama saa moja baadaye ukaja mlio wa kwanza, nikadhani ni bati limeanguka kwa jirani. Wa pili ukatikisa karakana nzima. Nikavua kinyago. Nje mchana ulikuwa umegeuka giza, upepo unazoa vumbi na mifuko barabarani. Sijui nini kilinipeleka kwenye simu. Nadhani mwili ulishajua kabla yangu.

"Mwenyekiti," Dada Katibu alikuwa ameandika, "utabiri wa huko kwenu unasema radi leo mchana, lakini mimi niko mbali, sioni. Hebu tazama mbingu kwa macho yako. Waje au tuahirishe? Nikipata dole nitawaambia waje."

Chini yake, dole langu. La manjano, limenona, limesimama wima.

Na kwenye kundi la klabu: "Mwenyekiti ametazama hali ya hewa na anasema ni salama. Karibuni majini."

Nikampigia mke wangu. Simu ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, ikaita tena. Nikampigia Dada Katibu.

"Halo, Mwenyekiti, shikamoo."

"Wako wapi?"

"Majini. Kila mmoja ameshaandika 'naingia', kama ulivyoagiza. Mama, mkeo, naye."

"Watoe!"

"Kwani kuna nini?"

"Radi, dada! Sikusoma! Niliweka dole tu, sikusoma!"

Nikasikia kiti chake kikisukumwa nyuma.

"Simu zao ziko ufukweni," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Lakini nitazipiga. Nitazipiga zote, labda kuna mpita njia atasikia. Kimbia, kaka."

Nikatoka mbio na aproni yangu ya ngozi, karakana nikaiacha wazi. Mvua ikanikuta njiani, matone mazito yanayouma. Kila radi ilipopiga nilijikunyata, halafu nikajiona mjinga, mimi niko kati ya majumba na wao wako katikati ya maji. Nilimwomba Mungu kwa sauti. Nilimwahidi mambo mengi ambayo siyakumbuki.

Ufukweni hapakuwa na mtu. Pale penye kibanda cha kubadilishia nguo, juu ya benchi la barazani, mikoba yao ilikuwa imepangwa vizuri, viatu chini yake, na ndani ya mikoba simu zilikuwa zinalia. Hii ikinyamaza, ile inaanza. Dada Katibu alikuwa anazipiga moja moja kutoka huko aliko, na ziwani hakuna aliyesikia.

Ziwa lenyewe halikuonekana, mvua tupu. Nikapiga kelele. Ile sauti yangu kubwa, iliyonipa uenyekiti, upepo uliizima mdomoni.

Kisha nikaona rangi ya chungwa. Kila mwogeleaji hujifunga kiunoni boya la rangi hiyo ili aonekane. Akatoka mwokaji mikate, akitambaa. Akatoka muuguzi, naye papo hapo akaanza kuwasukuma wenzake kibandani. "Ndani! Ndani wote!" Niliangalia kila uso, na hakuna uliokuwa wa mke wangu.

Boya la mke wangu lina kitambaa changu cha jasho, cha buluu. Alikifunga mwenyewe ili mimi, mwoga wa ufukweni, nimtambue kwa mbali. Nikakiona kile kitambaa kinakuja. Nikakikimbilia huku nacheka kama mwehu.

Aliyekuwa na boya ni mwalimu.

"Mguu ulikakamaa," akasema, anatapika maji. "Boya langu lilikatika kamba. Mama akanifungia lake."

"Yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu."

Nyuma yake kulikuwa na mvua. Radi ikapiga, ziwa lote likawa jeupe, tupu, halafu giza. Nikaingia. Maji ya magoti, ya kiuno, ya kifua. Sijawahi kufika hapo maishani. Aproni ikanivuta chini, wimbi likanijaa mdomoni, nikajua sasa nazama, na sikujali kabisa, nilitaka tu kumwona.

"We mwanaume, una kichaa? Toka majini!"

Sauti ilitoka nyuma yangu, nchi kavu. Alikuwa anakuja kwa miguu kutoka upande wa matete, ambako mawimbi yalimtupa, mapaja yamechanika kwa majani. Akaingia, akanishika kamba za aproni, akanivuta nje kama mbuzi mkaidi. Nikamkumbatia, nikalia. Sioni haya kusema.

"Lile wingu nililiona tangu nyumbani," akasema kibandani, meno yakigongana. "Nilishageuza njia. Halafu nikasoma kwamba umetazama mbingu. Nikasema, mume wangu anaogopa maji kuliko paka. Kama yeye kasema salama, basi leo mwoga ni mimi."

Nilitaka kumwambia si mimi niliyeandika. Lakini dole lilikuwa langu.

Kwenye benchi simu zilikuwa bado zinalia. Nikapokea ya mke wangu.

"Halo? Nani?" Dada Katibu alikuwa analia. "Wametoka? Wote wametoka?"

Hapakuwa na dole la kubonyeza.

"Usikate," nikamwambia. "Ngoja niwatazame."

Nikapita kwa kila mmoja, nikimgusa bega na kumtaja kwa sauti ili asikie, mwokaji, muuguzi, mwalimu, wote, hadi nikafika kwa mke wangu. Yeye nilimgusa mara mbili.

"Ndiyo, dada," nikasema. "Nimewaona kwa macho yangu."