Kitufe cha Pasaka

Mwalimu Lutengano aliiweka mashine ya hesabu juu ya meza ya kukatia nguo, kati ya birika la chai na sahani ya viazi vitamu, na wote chumbani wakanyamaza kana kwamba ameletwa mgonjwa. Ilikuwa nyeusi, ya kutosha kiganjani. Evarista alifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena, ndipo akathubutu kuigusa.

Ilikuwa Jumapili ya mwaka 1977, baada ya misa, nyumbani kwake Mlandege, mjini Iringa. Evarista alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wakubwa, ambaye jioni alifunika cherehani yake na kwenda darasa la watu wazima kujifunza hesabu alizozikosa utotoni. Lutengano ndiye aliyewafundisha. Mchana alikuwa mpima barabara, na mashine hiyo alirudi nayo kutoka masomoni ng'ambo. Sasa alikuwa amehamishwa. Kesho yake asubuhi angepanda basi kurudi kwao Mbeya, na mashine ingeondoka naye. Kwa hiyo ilikuwa leo, au basi tena.

Aliyekuwa akingoja jibu ni mama yake Evarista, Severina, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, rozari imezungushwa kiganjani. Severina alikuwa na jambo moja tu alilotaka kulijua kabla hajafa: kama baba yake aliwahi kumwona. Wajerumani walipokuwa wanakimbia Iringa, walimkamata baba huyo awabebee mizigo, na hakurudi. Mama yake Severina alikuwa akimwambia, "Baba yako alikupakata." Lakini mama huyo alifariki Severina akiwa bado mdogo, na upande wa baba walisema hayo yalikuwa maneno ya kumbembeleza yatima. Mtoto alizaliwa Waingereza wameshaingia, walisema, na baba ameshakwenda.

Mkubwa wa upande huo alikuwa hapo hapo, kwenye kiti chenye mto: bibi Roza, dada mdogo wa huyo baba, mzee asiyeona vizuri lakini mwenye ulimi ambao haujazeeka.

"Hiyo kitu," aliuliza bibi Roza, "ilibatizwa lini hata ijue habari za Pasaka?"

"Haijabatizwa, bibi," alisema Lutengano. "Na mimi mwenyewe ni Mmoraviani. Lakini Pasaka yetu ni moja."

"Haya. Tutaona."

Pasaka ndiyo iliyokuwa ufunguo wa yote. Severina hakujua mwaka aliozaliwa. Alijua tu kwamba alizaliwa alfajiri ya Pasaka, na kwamba ilikuwa Pasaka iliyommeza somo. Somo wa kigango chao kule mlimani, yaani mtakatifu msimamizi wa kanisa lao dogo, alikuwa Mtakatifu Joji, na kila mwaka tarehe ishirini na tatu Aprili walimchinjia ng'ombe. Mwaka ule Pasaka iliangukia siku hiyo hiyo. Sikukuu mbili zikawa moja, nyama ikaliwa mara moja badala ya mara mbili, na watu wakanung'unika mpaka padre akawakemea kanisani. Hilo hata bibi Roza hakulibishia. Lakini ulikuwa mwaka gani? Darasani walifundishwa kwamba Wajerumani waliondoka Iringa mwaka 1916, mwezi wa nane, wakati wa baridi. Kama Pasaka ile ilikuwa ya 1916, baba alikuwa bado yupo. Kama ilikuwa ya 1917, alikuwa ameshachukuliwa.

Evarista hakuwahi kufikiri kwamba Pasaka iliyopita inaweza kuitwa irudi. Kwake, Pasaka ilikuja kama mvua: padre anatangaza, watu wanajiandaa. Jioni moja Lutengano aliandika ubaoni kanuni fupi, kujumlisha na kugawanya na kushika kinachobaki, akasema ukiutia mwaka wowote humo, Pasaka inatoka. Mwezi mpevu, jua na siku ya Bwana vilitembea pamoja ndani ya mistari ile michache ya chaki. Kwanza Evarista alisahau kunakili. Aliinama juu ya dawati akasali, mpaka jirani yake akamgusa bega akidhani anaumwa.

Kisha mwalimu akawaonyesha mashine. Juu kabisa palikuwa na vitufe vya herufi ambavyo kiwandani havikupewa kazi. Kazi unavipa wewe. Unaiambia mashine hatua moja moja, fanya hiki, halafu hiki, nayo inazishika zote. Siku nyingine unabonyeza herufi moja tu, inazipitia yenyewe. Lutengano alikuwa amevipa viwili kazi ya barabara zake, kona na miteremko. C bado hakikuwa na kazi.

"Hicho chukua wewe, mama Evarista," alimwambia.

Jambo hilo alilielewa kwa mikono. Kwani yeye si alikata karatasi ya shati mara moja tu, akashonea mashati ya mwaka mzima? Aliziandika hatua zake nyumbani, akazifuta, akaziandika upya, na kabla ya kila kipindi alimwomba Roho Mtakatifu amwangazie. Mwalimu alimpa kipande cha kadi chembamba chenye sumaku cha kuhifadhia hatua hizo, naye akakiandika kwa herufi ndogo: PASAKA.

Sasa alikipitisha kwenye upenyo wa mashine. Kadi iliingia upande huu ikatokea upande wa pili kwa mlio kama wa nyuki. Akajaribu kwanza mwaka wenyewe wa 1977, akabonyeza C. Tarakimu nyekundu zilichezacheza kama makaa yanayopulizwa, zikatulia: 4.10.

"Mwezi wa nne, tarehe kumi," alisoma. "Ndiyo Pasaka yetu ya juzi."

Severina alifanya ishara ya msalaba.

"Hiyo hata mimi naijua," alisema bibi Roza. "Endelea."

Akaandika 1916. Akabonyeza C. Makaa yakacheza, yakatulia.

"Nne, nukta, ishirini na tatu." Evarista aligeuka. "Mama! Ishirini na tatu Aprili. Ni siku ya Mtakatifu Joji!"

Rozari ilimteleza Severina ikaanguka mapajani.

"Taratibu," alisema bibi Roza. "Mtu akiulizwa jambo akajibu, nitajuaje hasemi uongo? Iulize ninalolijua mimi. Iulize mwaka ulioolewa wewe, Evarista. Tulikula pilau Jumatatu ya Pasaka, sijasahau."

Picha ya arusi ilikuwa ukutani, na tarehe imeandikwa chini yake kwa wino: 19 Aprili 1954. Kwa hiyo Pasaka yenyewe ilikuwa tarehe kumi na nane. Evarista akaandika mwaka, akabonyeza.

4.25.

Akabonyeza tena. 4.25.

"Inasemaje?" aliuliza bibi Roza.

"Inasema... ishirini na tano."

Bibi Roza alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo uliolewa kabla ya Pasaka, ndani ya Kwaresima, wakati hakuna ndoa! Mashine yako imelewa, mjukuu wangu. Mpe mwenyewe aondoke nayo."

Severina aliinua macho akamtazama binti yake. Hakumlaumu. Alikuwa na uso wa mtu aliyefunguliwa mlango, akaanza kuingia, kisha akaambiwa asubiri. Evarista alitamani ardhi immeze.

Lutengano hakunyoosha mkono kwenye mashine. Aliuliza tu, "Ule mstari wa mwisho wa ubaoni uliutia?"

Hapo Evarista akakumbuka. Mstari ule ulisema kwamba baki mbili fulani zikikutana, Pasaka irudishwe nyuma wiki moja. Na mwalimu alieleza kwamba jambo hilo hutokea mara mbili tu karne hii. Yeye alikuwa ameuacha. Mara mbili katika miaka mia, itamhusu nani? Kumbe mojawapo ya hizo mbili ndiyo Pasaka aliyoolewa yeye.

"Sikuutia," alisema. "Nisubirini."

Alisukuma swichi kwenye upande wa kuandikia, akafunga macho kidogo, midomo ikicheza, kisha akaanza kuongeza hatua zilizokosekana, kitufe baada ya kitufe. Chai ilipoa. Bibi Roza naye alikuwa ameinama mbele, sikio limeelekea mezani.

1954. C. Makaa yalicheza.

"Kumi na nane Aprili," alisema Evarista.

"Hiyo ni kweli," alisema bibi Roza polepole.

Lakini hofu mpya ilikuwa imeingia. Kama 1954 imerudi nyuma wiki nzima, na 1916 je? Kama nayo itarudi, Mtakatifu Joji atabaki peke yake na ng'ombe wake, na mama atabaki bila baba. Evarista aliandika tarakimu moja moja. Akamtazama mama yake, akasema moyoni, Bwana, iwe kweli tu, hata ikiuma. Akabonyeza.

4.23.

Haikuwa imesogea. Akajaribu 1917, watu wote wasikie: nane Aprili. Siku ya somo haikuguswa. Akairudia 1916, kwa kutaka tu kuiona tena, na tena ikaja, nyekundu, tulivu, ile ile. Mawe ya kigango kile yalikwisha kuanguka, na padre wake alikwisha kuzikwa, na Jumapili ile ilikuwa bado ipo mahali pake, ikingoja kuulizwa.

"Nilikuwa mdogo," alisema bibi Roza. Sauti yake ilikuwa imelegea. "Nakumbuka kilio siku walipomchukua kaka. Nakumbuka na mtoto mchanga. Labda nilivipanga vibaya. Nisamehe, mwanangu."

Severina hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya goti: mwezi wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, mpaka wa nane wa baridi.

"Mtoto wa miezi minne," aliuliza, "si anacheka?"

"Anacheka, mama," alisema Evarista. "Ukimsemesha anacheka."

"Basi nilimchekea," alisema Severina.