Somo Halianzi na Wanane

Siku ya kwanza Mwalimu Rémy alitukalisha wote tisa kwenye mabenchi mawili, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. Tulidhani anatania.

"Hapa hakuna kozi ya huyu na kozi ya yule," alisema. "Algebra ni ya wote. Kemia ni ya wote. Mnasoma pamoja na mnakula pamoja. Na somo halianzi kama mmoja hayupo. Akikosa mmoja, wanane mnakwenda kumleta. Hata kama anaumwa kichwa. Hata kama anaoa."

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, ulioletwa Uvira kwa majaribio, miaka mitatu baada ya uhuru. Watu wenye diploma walikuwa wachache nchini, na wakubwa walitaka kuona kama kundi linaloshikana litafika mbali kuliko mwanafunzi aliyeachwa peke yake mji mkuu. Tukipita mtihani wa mwisho, tungeingia mwaka wa pili katika chuo chenyewe.

Sheria ile tuliichukia. Mathieu tulimfuata mpaka Luberizi, kwenye mpunga wa baba yake, na baba akakataa kumwachia mpaka tuvune naye nusu siku. Capitoline, binti wa Runingu mwenye ulimi mkali, alimlaani Mwalimu kwa kila mganda aliofunga.

Mimi walinifuata mwezi wa pili. Sikuwa nimemaliza sekondari. Nilijisomea mwenyewe ofisini nilipokuwa nikipiga mashine ya chapa, nikaingia kwa jaribio. Siku nilipopata tatu juu ya ishirini katika algebra, nilijifungia kwa mjomba wangu, nikasema nina malaria. Kesho yake nikasikia sauti uani.

"Bonaventure! Weye uko na malaria ya hesabu. Toka!"

Mjomba alicheka mpaka akamwaga chai. Capitoline alikuwa na wengine saba nyuma yake. Mmoja wao alikuwa Amisi, mtoto wa wafanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwa letu. Tulipofika ufukoni aliokota kijiti, akaandika mlinganyo juu ya mchanga. Toka siku ile, kila asubuhi kabla ya darasa, alinifundisha pale. Mwezi wa nne nikapata kumi na mbili.

Mwezi wa tano waasi wakaingia Uvira. Darasa likafungwa. Wengine tulipanda milimani, wengine wakavuka Ruzizi kwenda Burundi. Jeshi lilipourudisha mji mikononi mwa serikali, Mwalimu alituma habari kwamba watahini watakuja Jumatatu fulani kutoka Bukavu. Mtihani usipofanyika siku hiyo, mwaka mzima utafutwa. Tukarudi wote tisa. Nadhani hata yeye hakulitarajia.

Jumatano kabla ya mtihani, Amisi hakuja. Aliyekuja ni mama yake, Mama Riziki, na viatu mkononi.

"Wamemushika kwenye daraja," alisema. "Wamefungua shati yake, wameona chale."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Waasi walikuwa wakichanjwa na kupakwa dawa ili risasi ziwe maji, kwa hiyo askari walikuwa wakitafuta chale kwenye kila kifua. Tena kaka yake Amisi, Maneno, alikuwa amewafuata waasi kuelekea Fizi. Amisi mwenyewe alikuwa amefungiwa katika depo ya pamba, ghala la kando ya barabara.

Mwalimu alifungua daftari la majina. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja.

"Leo tutaanza wanane," alisema.

Hakuna aliyefungua daftari. Sikumhukumu Mwalimu, wala leo simhukumu. Alikuwa na watoto sita, na wiki iliyotangulia jirani yake alichukuliwa kwa kosa dogo kuliko lile, hakurudi.

Capitoline akasimama. "Mwalimu, ulisema hata kama anaoa."

"Nilisema wakati wa amani."

"Hapana. Ulisema siku ya kwanza."

Akaenda ukutani, akaondoa ubao kwenye misumari yake. Mathieu akashika upande wa pili. Pudentienne, mdogo wetu kwa umri, alichukua chaki. Tukatoka. Mwalimu alibaki ameshika kalamu.

Tulipita katikati ya barabara, jua limeshapanda, ubao mbele kama jeneza. Wanawake waliokuwa wakianika ndagala walituita wendawazimu.

Luteni alikuwa akinyoa ndevu mbele ya depo, sabuni shavu moja. Hakuwa mtu wa huku.

"Munatafuta nini?"

"Tunamufata Amisi, mon lieutenant," alisema Capitoline. "Darasa iko inamungojea."

"Amisi ni mwasi. Iko na chale."

"Hata minye niko na chale. Nyanya alinichanja juu ya ugonjwa ya bandama nikiwa na miaka mitatu. Mufunge Uvira yote, basi. Mufunge na nyanya; iko Runingu, lakini atawatukana njia nzima."

Askari mmoja akacheka. Luteni akamtazama, kicheko kikakatika.

"Nani amewapa ruhusa ya kuja hapa?"

"Mwalimu."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Luteni akajifuta sabuni polepole. Nilijua mchezo umekwisha.

"Nikihesabu mpaka kumi na mungali hapa," alisema, "nitawafunga wote."

"Ndiyo tunaomba," alisema Capitoline. "Tukiwa wote ndani, somo itaanza."

Akaweka ubao chini, akakaa kando yake. Mathieu akakaa. Pudentienne akakaa. Nami nikakaa, si kwa ushujaa. Nilikumbuka kijiti juu ya mchanga, nikaona kusimama ni kazi ngumu zaidi.

Luteni hakuhesabu. Alitufungia, pamoja na ubao wetu.

Ndani mlikuwa na marobota ya pamba na dirisha moja la nondo. Amisi alikuwa amekaa kwenye kona, jicho moja limevimba.

"Munakuja kufanya nini humu, bapumbafu?"

"Umechelewa," nilimwambia.

Alituhesabu kwa kidole. Alipofika nane aligeukia ukuta, nasi tukajifanya tunatafuta mahali pa kusimamisha ubao. Kisha akainuka, akachukua chaki, akaandika mlinganyo.

Alhamisi na Ijumaa tulisoma algebra na kemia. Mama Riziki alituletea bugali na ndagala kwenye sufuria moja. Jioni ya Ijumaa luteni alifungua mlango.

"Wanane, nendeni kwenu. Nimewasamehe. Huyu anabaki."

Hakuna aliyeinuka. Pudentienne alishika mkono wa shati langu kwa nguvu mpaka mshono ukakatika begani, lakini hakuinuka.

"Munajua kama naweza kuwapeleka Bukavu na mikono nyuma?"

"Bukavu ni mbali," alisema Amisi kwa upole. "Mutuache kwanza tumalize kemia."

Mlango ukafungwa kwa kishindo.

Jumamosi asubuhi tulisikia sauti tunayoijua, nyembamba, ikizungumza nje.

"Weye ni nani?" askari alimuuliza.

"Mwalimu wao. Nimechelewa."

Wakamruhusu afike dirishani. Alikuwa amevaa tai. Akafungua daftari, akaita majina, na kila mmoja akajibu "Niko." Nilikuwa karibu na nondo, nikaona ukurasa. Mstari mwekundu ulikuwapo bado juu ya jina la nne. Lakini chini kabisa, baada ya jina la tisa, jina lile lile lilikuwa limeandikwa upya kwa wino mweusi, herufi kubwa, zilizokandamizwa mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Amisi bin Saleh."

"Niko."

"Wote wapo," alisema Mwalimu. Kisha akamgeukia askari: "Ndugu, sogea kidogo. Unawazibia mwanga."

Jumatatu watahini wawili walifika kwa gari la jipu, nyusi zao nyeupe kwa vumbi la njia ya Luvungi. Darasani walikuta maneno ya Mwalimu mlangoni kwa chaki: Tuko depo ya pamba. Walikuja. Mkubwa wao, mzee mwenye miwani, alitazama nondo, akatazama marobota, akatoa bahasha. Tuliandika magotini, saa tano nzima. Amisi aliandika kwa jicho moja.

Mzee alipokusanya karatasi, alimpelekea luteni fomu ya mahudhurio.

"Wewe ndiye mwenye mahali. Tia sahihi kwamba wanafunzi tisa walikuwepo."

"Wanafunzi wanane, na mfungwa mmoja."

"Fomu yangu haina mahali pa mfungwa."

Luteni alishika kalamu kama Mwalimu alivyoshika yake. Alimtazama Amisi, akatutazama sisi, akaitazama sufuria ya Mama Riziki mlangoni. Nadhani alikuwa amechoka. Nadhani pia, lakini sina hakika, kwamba aliona aibu. Akatia sahihi.

"Kama wote ni banafunzi, basi watoke kwangu," alisema. "Wale wanane watangulie."

Hakuna aliyesogea, mlango usije ukafungwa nyuma yetu. Capitoline alikunja mikono kifuani.

Amisi akafunga vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Akapita kati yetu, akatoka wa kwanza.