Mama Lujain na Ukurasa wa Kwanza

Kutaiba anajua kufundisha, hilo simnyimi. Ana ofisi Amman, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, na kazi yake ni kuzipandisha tovuti za watu ili zitokee mwanzo mtu anapotafuta kitu mtandaoni. Ukikaa mbele yake muda wa kikombe kimoja cha kahawa, utatoka umeelewa. Ndiyo maana namchukia. Asiyejua akikuumiza unasema bahati mbaya, lakini huyu anajua.

Mama Lujain ni mjane wa binamu yangu, huku kwetu Karak. Anatengeneza jamidi, yale madonge ya maziwa ya kondoo yaliyokaushwa ambayo bila yake hakuna mansafu, ule wali wa nyama wa karamu zetu. Mumewe alipofariki hakuacha mtoto wa kiume, ila Lujain peke yake, kwa hiyo sehemu ya karakana ikamwangukia kaka wa marehemu, Mutlak. Huyo naye anauza jamidi. Ya kwake ina unga, kila mtu anajua, na kila mtu anamwamkia. Wazee wakaamua hivi: mama abaki na karakana maadamu inafanya kazi. Msimu wa majani, kondoo wanapojaa maziwa, ukipita bila oda, ataiacha yote kwa shemeji yake, pamoja na chumba cha nyuma anacholala.

Oda zake zilikuwa zikitoka kwenye tovuti aliyotengenezewa na Lujain. Zilipoanza kupungua, mama akaniomba nimpeleke kwa mtaalamu. Nikampeleka kwa Kutaiba. Hatukujua kwamba Mutlak alishapanda ngazi zile kabla yetu.

"Karibu, bibie. Ofisi imeingia nuru leo."

"Nuru ni yako, mwanangu. Nieleze kama mtoto wa chekechea. Kwa nini sionekani?"

Kutaiba akacheka, akavuta kiti. "Neno muhimu ni lile analoliandika mteja anapotafuta. Wewe pale juu umeandika nini?"

"'Baraka za mikono ya mama.'"

"Nani anatafuta baraka huku sufuria iko motoni? Anaandika 'jamidi'."

"Basi nami niandike jamidi."

"Utakuwa umeandika wewe na wauzaji wote wa nchi hii. Kwa hiyo tunatafuta maneno ya mkia mrefu: 'jamidi ya kondoo ya Karak isiyo na unga'. Wanaoliandika hilo ni wachache, lakini anayeliandika ameshatoa pochi mfukoni."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Isiyo na unga!" Alifurahi kweli.

Akamfundisha pia habari za buibui wa mtandaoni. Ni programu tu, alisema, inatembea tovuti hadi tovuti, inasoma, kisha inaandika kwenye faharasa kubwa ya mtambo wa kutafutia. Usipoandikwa humo, hata uwe na jamidi ya peponi, mtafutaji hakuoni.

"Na viungo?" mama akauliza. "Lujain alinitajia viungo."

"Kiungo ni tovuti nyingine kumwelekeza msomaji kwako. Kama mtu anayesimama barazani akasema, mama huyu namjua, mali yake safi."

"Wa kunisimamia ninao. Ukoo mzima."

Baadaye Kutaiba alisimulia hadithi hii mwenyewe, kwenye harusi ya Sanad, mtoto wa Mutlak, mafuta ya mansafu yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Alisema aliposikia "ukoo mzima" alimwona kondoo akiingia jikoni kwa miguu yake. Maana alijua alichotakiwa kumwambia: mtambo unathamini viungo vichache, kutoka kwa wanaoijua kazi yako. Kundi likija kwa mpigo na maneno yale yale, mtambo unahesabu ni udanganyifu, na adhabu yake ni kutupwa chini kabisa.

"Waite, bibie," alisema. "Wote siku moja. Na waandike maneno yale yale, wasiongeze wala wasipunguze."

Kwetu mtu akiita faza, yaani akiuita ukoo umwokoe, huulizi sababu, unavaa viatu. Gari limepinduka, shamba linaungua, binti katukanwa, ukoo unakwenda. Mama Lujain akaita faza ya viungo. Mimi nina tovuti ya matairi, nikaweka. Daktari wa meno akaweka, timu ya mpira ikaweka, mfuga njiwa akaweka, na binamu yetu wa Detroit akaibandika 'jamidi ya kondoo ya Karak isiyo na unga' katikati ya magari yake yaliyotumika. Kuna bwana harusi aliyeiweka kwenye ukurasa wa mwaliko wake, chini ya jina la bibi harusi. Tulijiona wanaume.

Wiki haikuisha. Mama alitoka ukurasa wa kwanza, akapita wa pili, akashuka hadi zile kurasa ambazo hazifikiwi na mtu ila aliyekosa la kufanya. Na pale juu kabisa ikakaa tovuti ya Mutlak.

Tukarudi Amman. Kahawa ikaletwa, ile chungu ya hiliki. Mama akapokea kikombe, akakiweka mezani bila kukigusisha mdomoni. Nikashtuka. Wanaoweka kikombe hivyo kwa kawaida ni wanaume, tena wakubwa, wakiwa na haja nzito; hawanywi mpaka mwenyeji aikubali, na akishasema 'kunywa' amefungwa na neno lake. Lakini yeye hakuwa na mwanamume wa kumsemea, maana mimi nimekaa pale kama gunia.

Kutaiba ni mtoto wa kabila kama sisi, alielewa papo hapo.

"Kunywa, bibie, inapoa."

"Sinywi. Nina haja."

"Itaje."

"Nirudishe nilipokuwa. Msimu umefika, na sina kwingine pa kulala."

Kutaiba akaweka mkono kifuani. "Kunywa kahawa yako. Haja yako imepita."

Mama akanywa. Kwetu hapo pameisha, hudai karatasi wala shahidi. Kutaiba akaeleza kwamba ataandikia mtambo kuvikana vile viungo vyote, na kwamba mama ampe nywila ya tovuti. Akapewa. Akageuza kioo cha kompyuta kabisa ili tuone, akaandika mstari mmoja mfupi kule juu ya ukurasa, mahali ambapo wasomaji hawapaoni ila buibui anapaona.

"Mungu akulinde, mwanangu," mama alisema.

"Subira tu, bibie. Buibui anachelewa."

Mstari ule ulimwambia buibui asiuandike ukurasa huu kwenye faharasa. Basi. Sikuwahi kuona unyama uliofanywa kwa adabu vile.

Msimu wote mama alifungua tovuti yake kila asubuhi kwa anwani iliyohifadhiwa kwenye simu. Ilifunguka vizuri, picha ya Lujain amekumbatia gunia, rangi zote mahali pake. "Ipo," alikuwa akisema, na kurudi kukamua, kuchemsha na kuanika. Alitengeneza jamidi kuliko mwaka wowote, na oda haikuja hata moja. Lujain alipiga simu kutoka chuoni Irbid: "Mama, nikitafuta sikupati." Akajibiwa, "Tulia, mwanangu. Nimekunywa kahawa."

Lujain hakutulia. Alikuja na rafiki yake anayesomea kompyuta, akaufungua ukurasa kwa ndani, akausoma ule mstari kwa sauti. Mama akamtaka arudie. Kisha akasema yeye aliuona ukiandikwa. Rafiki aliufuta, lakini majani yalikuwa yameshakauka, na wageni walikuwa wametuma neno kwamba kesho wanakuja.

Walikuja wamejaa sebule. Mutlak mbele na joho lake la dhahabu pindoni, na Kutaiba miongoni mwao, kiti cha tatu, amejipaka manukato. Lujain akamimina kahawa. Mutlak akakiweka kikombe sakafuni mbele yake.

"Mama Lujain, tumekuja na haja. Karakana, kama wazee walivyosema."

Mjomba wake mama ndiye aliyetakiwa kujibu. Akamwangalia mpwa wake, akamwachia ajibu mwenyewe.

"Bwana Kutaiba," mama alisema, "kahawa yako nilikunywa. Ulisema haja yangu imepita, ukaandika mstari wa kunizika mbele ya macho yangu."

"Mambo ya kitaalamu hayo, bibie," Kutaiba akasema. Wengine wakatazama zulia. Nilingoja mmoja ainuke atoke. Hakuinuka mtu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mama akamgeukia shemeji yake. 

"Nyumba hii mtu akiweka kikombe, hatumchezei. Kunywa kahawa yako, Baba Sanad."

Mutlak akanywa. Hakukitikisa kikombe kuonyesha ametosheka. Alikinyoosha tena, na Lujain akammiminia.