Njia Zilizoziba Kichwani mwa Shamsia

Maneno yalianzia kisimani, na Mwanawetu hakuweza kuyatoa kichwani: mtoto wa degedege akichomwa sindano hamalizi siku. Mtoto mmoja wa kijiji cha Mbwara, walisema, alikufa sindano ikiwa bado mwilini. Nani alimwona? Hakuna. Lakini kila aliyeteka maji alikuwa na shangazi aliyemjua mama wa huyo mtoto.

Basi siku Shamsia, bintiye wa miaka sita, alipokakamaa chini ya dungu, kichanja walikokuwa wakiamia na kufukuza ndege wa mpunga, macho yamepinda, povu linamtoka, maneno yale yalimwahi kabla ya akili.

"Nimpeleke Kibiti," alisema hata hivyo.

"Ukamuue?" Bi Siti, mama mkwe wake, alikwisha kuwasha makaa. "Huyu kapitiwa na ndege wa degedege. Lete mavi ya tembo tumfukize. Akitulia, ndiyo hospitali."

"Mama, hatulii."

"Wewe na darasa lako la saba! Mumeo nilimfukiza mimi utotoni. Hujamwona anavyofagia sinia la wali?"

Mwanawetu akaleta. Hapo ndipo alipokosea, na hajamsingizia mtu. Wakamgubika mtoto kanga, moshi ukajaa. Kukakamaa kulikoma kidogo, kukarudi. Jua likatoka utosini likainamia minazi. Mara ya tatu midomo ya Shamsia ikawa rangi ya zambarau. Mwanawetu akamnyakua, akakimbia bila viatu hadi barabarani, akapanda bodaboda.

Hospitalini Kibiti, Daktari Mrisho alipoinua sindano, Mwanawetu aliudaka mkono wake.

"Usimchome! Atakufa!"

"Mama, kitakachomuua ni kuchelewa. Niachie."

Akaachia, akafumba macho. Alipofumbua, mtetemeko ulikuwa umekatika. Malaria ilikuwa imepanda kichwani.

Siku ya tatu Shamsia alizinduka. Akamjua mama yake. Akasoma Alhamdu mpaka mwisho bila kukosea, Mwanawetu akalia kwa furaha.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Yuko njiani, anatoka Ngorongo."

Uji haujapoa, akauliza tena: "Mama, baba yuko wapi?" Mara nne. Alipouliza mara ya tano, baba mwenyewe alikwisha kuja, akamkumbatia, akatoka kununua maji.

Mrisho akaweka kitandani kijiko, kitana na ndizi. Shamsia akavitaja vyote. Daktari akavifunika, wakapiga soga kidogo habari za mbuzi, kisha akauliza, "Nilikuonyesha nini?"

"Hujanionyesha kitu."

Mrisho akamvuta mama pembeni. "Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande mna sehemu ndogo kama kidole. Unachokiona, unachokisikia, hupita njia nyingi kuifikia, kikaunganishwa, kikarudishwa kwenye ubongo kikae. Alhamdu ilikwisha kukaa zamani. Ya leo hayapiti. Ni kama vijito vya delta vikijaa tope: maji yapo, ila hayafiki. Homa na degedege la muda mrefu vimeziumiza njia hizo."

"Zitapona?"

"Bado anakua. Huenda. Siwezi kukuahidi."

Kila asubuhi Mwanawetu aliweka vitu vitatu mkekani, akavifunika, akauliza. Hakuna. Chuoni, kwenye madrasa, Shamsia alichapwa kwa kusahau, wenzake wakamwita Zuzu. Mwezi wa nne tangu homa ile, Mwanawetu aliweka limau, kibiriti na kofia.

"Limau," Shamsia akasema. "Kibiriti." Akakunja uso. "Kuna kingine, mama. Kilikuwepo. Sikioni tu."

Bi Siti, aliyekuwa akipepeta mchele, akausimamisha ungo. Machozi yalimtoka. Mwanawetu akachukua daftari, akawaandikia wenzake wenye watoto wadogo:

Usingoje mtoto atulie ndipo uende hospitali.
Usimfukize. Usimfunike uso.
Usimtie kijiko wala dawa mdomoni akikakamaa.
Usiushike mkono wa daktari.
Usilale shambani bila chandarua.
Akisahau, usimpige, usimcheke.
Usimwambie "nimeshakwambia." Mjibu tena.